Mahame ya Mlimani

Mwezi uliopita nilialikwa chakula cha mchana katika hoteli moja mpya kando ya ziwa, ambako wageni hulishwa chini ya msonge mkubwa ulioezekwa kwa nyasi. Tukiwa tunakula, mvua ikanyesha. Wenzangu walivuta viti vyao katikati wasilowe, mimi nikabaki pembeni, chini ya upenu, nikisubiri harufu fulani. Haikuja. Ilikuja harufu ya nyasi zilizoloa na dawa ya mchwa, basi. Ile niliyoisubiri ni ya nyasi zilizokunywa moshi miaka na miaka mpaka zikawa nyeusi na kung'aa, na paa lile lilikuwa halijawahi kupikiwa chini yake hata uji. Niliinama juu ya sato wangu, na nikiwa nachambua miiba nikajikuta nimerudi darasa la tatu, kwenye likizo ile niliyokaa ng'ambo na Bibi, tukitafuta nyumba ambayo hakuna mtu mwingine aliyekuwa anaikumbuka.

Bibi, mama yake Baba, alikuwa anaishi nasi Igoma, pale Mwanza. Macho yake yalikuwa yamefifia kidogo kidogo, kwa namna ambayo sisi watoto hatukuona tofauti ya jana na leo. Alitutambua kwa vishindo vya miguu. Siku moja Baba alimpeleka kupimwa, na waliporudi nilimsikia akimwambia Mama jikoni, "Ni mtoto wa jicho. Macho yote mawili. Wamesema atolewe, na Sengerema wanatoa."

Nilikuwa nachambua mchele, mkono ukasimama juu ya ungo. Kwangu mimi mtoto alikuwa mtoto. Na kwa kuwa macho yenyewe yalikuwa yote mawili, basi hao walikuwa mapacha, Kulwa na Doto, kila mmoja na chumba chake. Jioni nilimwomba Bibi anigeukie kwenye mwanga. Nilisogeza uso karibu sana na wake, nikamwona: kitu cheupe katikati ya mboni, kimejikunja kama wanavyojikunja watoto wachanga. Nilimwonea huruma. Watu wazima walikuwa wameshaamua kumtoa, na hakuna aliyemuuliza anataka kwenda wapi.

Shule zilipofungwa, Baba alitupeleka mimi na Bibi kwa Shangazi Minza, dada yake, aliyeolewa katika kijiji kilicho chini ya milima ya mawe, mwendo kidogo kutoka Sengerema. Siku hizi daraja linakuvusha kabla hujamaliza kumenya ndizi. Wakati ule tulisubiri kivuko pale Kigongo mpaka jua likahama, na tulipofika katikati ya maji Bibi aliinua uso na kusema, "Sasa nasikia nyumbani." Baba alitukabidhi kwa Shangazi, akaniambia niwe fimbo ya Bibi, akarudi mjini kwenye kazi yake ya kujenga.

Shangazi alikuwa ametutandikia kitanda katika nyumba kubwa, ya matofali na bati. Bibi alikataa. Aliomba alale jikoni. Jiko la Shangazi lilikuwa msonge uliobaki kutoka kwa wakwe zake, na ndiyo nyumba ya nyasi pekee iliyokuwa imesalia upande ule wa kijiji. Nilidhani tutaonekana watu wa ajabu, kuacha kitanda na kwenda kulala na masufuria. Lakini nilipoinama kupita chini ya upenu harufu ile ikanipokea, na usiku wa kwanza mvua iliponyesha sikuisikia hata kidogo, wakati kule kwenye bati Shangazi na watoto wake walikuwa wanaongea kwa kupayuka.

Kesho yake Bibi alinishika mkono akanizungusha ndani ya jiko, na kiganja chake kiliutangulia wangu ukutani. "Hapa ni ukuta wa nje. Hapa ndani yake kuna ukuta wa pili, umeona? Nyumba ndani ya nyumba. Mbuzi na kuni wanakaa katikati, watu wanalala ndani kabisa." Alinigusisha nguzo, fito, kamba za magome zilizokuwa ngumu kama waya. Alinishusha mpaka chini, mlangoni, kwenye jiwe bapa lililolainika kwa nyayo. "Hiki ni kizingiti. Paa litaoza, ukuta utayeyuka, hiki kitabaki. Ukitaka kuijua nyumba iliyokufa, tafuta kizingiti chake."

"Nyumba inakufa, Bibi?"

"Inakufa. Ila haiozi yote, mke mwenzangu."

Ndivyo alivyoniita akiwa na furaha, kwa utani wa bibi na mjukuu. Jina langu ni Limi.

Mazungumzo yaliyotupandisha mlimani niliyasikia kwa kuwa nilikuwa nimekaa chini ya upenu, kwa nje, nakula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ambayo sikuruhusiwa kula kabla ya chakula. Shangazi alikuwa anasonga ugali ndani.

"Mama, Jumatatu tunakwenda hospitali," alisema. "Huo mlima utaupanda ukishaona."

"Na wakinipasua nisiamke?"

"Watu wanapasuliwa kila siku."

"Nisipoamka, nani atajua alipo?"

Mwiko ulisimama. "Alipo nani?"

"Mtoto wangu. Wa kwanza. Nilimwacha kule juu, mlangoni."

"Kaka anajua?"

"Hajui. Hata wewe hukujua. Niliambiwa nisimtaje, ili watakaofuata wakae. Mkakaa. Sasa nimezeeka, naogopa kufa na njia ya kwake."

Sikuelewa kwa nini Shangazi alianza kulia. Mimi nilikuwa nimepata jibu. Huyo mtoto aliyeachwa mlimani ndiye aliyeingia kwenye jicho la Bibi, nyumba yake ilipovunjika akakosa pa kukaa. Wala hakuhitaji kupasuliwa. Tukiupata ule mlango, atatoka mwenyewe na kwenda kwao. Pacha wake nilishindwa kumpangia vizuri, nikaona atamfuata mwenzake.

Shangazi alikubali kwa shingo upande. Yeye alizaliwa bondeni, baada ya serikali kuwashusha watu wote kutoka milimani waje wakae pamoja kando ya barabara. Hakuwahi kupanda kule. "Kuna nyoka na pimbi tu," alisema. "Na wewe huoni. Ukianguka kwenye majabali nitamwambia nini kaka?" Lakini asubuhi alikuwa amesimama nje, amejifunga kanga kiunoni, panga mkononi.

Huko juu nilikutana na kitu ambacho mpaka leo kinanifanya nisimamishe gari nikiona kichaka chenye umbo la duara. Kumbe milima ile yote ilikuwa imekaliwa. Kutoka barabarani unaona mawe tu, yamepandana kama watu wanaochungulia. Ukipanda, unaanza kuona mistari. Minyaa iliyokuwa uzio wa mji wa mtu imekuwa miti mirefu, lakini bado imesimama kwa mzunguko, imezingira nyasi. Watu wazima huita mahali kama hapo mahame. Mimi nilikuwa sijawahi kulisikia neno hilo, nikadhani ni jina la kijiji, na kwamba kijiji hicho kilikuwa kikubwa kupita Mwanza maana kila tulipofika Shangazi alisema, "Haya, mahame mengine."

Kazi yangu ilikuwa kumsomea Bibi ardhi. Nilisimama, nikasema ninachokiona, yeye akasema ndiyo au hapana. Katika mahame ya kwanza nilikuta mawe yamepangwa kwa duara dogo sana, ambalo hata mimi ningelala humo ningekunja miguu.

"Bibi, hapa waliishi watu wafupi."

"Wafupi kiasi gani?"

"Kama kuku aliyesimama."

Bibi alicheka mpaka akashika jabali. "Hao si watu. Hapo palikaa kihenge cha mtama. Mawe yanakiinua, mchwa na maji visifike." Kisha akauliza uelekeo wa ziwa, nikamwambia ziwa halionekani. "Basi si hapa. Mlango wetu uliangalia ziwa."

Hilo la mlango lilinipa shida. Sisi Igoma tulikuwa na mlango wa chuma uliopakwa rangi ya kijani, na ndio huo niliokuwa nautafuta nyuma ya kila jabali, mlango na fremu yake, umesimama peke yake na kitasa.

Mahame ya pili yalikuwa na ukuta mrefu wa mawe, umejengwa bila udongo wala saruji, jiwe limekalia jiwe, na ulikuwa umeziba nafasi kati ya majabali mawili kwa ufundi ambao Baba angeusifu. Niliupanda, nikaurukia upande wa pili, nikaokota donge jeusi lenye matundu, zito ajabu. Bibi aliligeuza mkononi, akalinusa.

"Hili ni kapi la chuma, taka inayobaki kikiyeyushwa. Hapa walikaa wahunzi, hata mama mkwe wangu hakuwakuta. Ukuta ni wa ng'ombe wao. Sisi hatukuwa na ng'ombe wa kujengewa ukuta." Aliniachia lile donge. Nililitia mfukoni na sketi ikaning'inia upande mmoja siku nzima.

Tulizunguka hivyo asubuhi baada ya asubuhi. Kulikuwa na mawe yenye mashimo laini kama sahani, ambamo wanawake walisagia nafaka. Kulikuwa na pango ambalo mtu alilisakafia kwa udongo akaweka na mafiga. Mimi nilikuwa na furaha, kila jabali lilikuwa limeficha kitu nyuma yake. Bibi alizidi kunyamaza. Minyaa ni ile ile kila mahali, alisema, na njia alizozijua kwa miguu zilikuwa zimemezwa. Jumamosi aliteleza, goti likachubuka, na Shangazi akasema imetosha.

Tulishuka hadi barabarani. Bibi alikuwa anachechemea, kwa hiyo tuliketi kwenye baraza ya duka la Mama Nasrin tunywe maji. Duka lile lilijengwa na familia ya Wahindi ya mume wake, na lilikuwa jengo kongwe kuliko yote pale barabarani: kuta nene za mawe na chokaa, baraza yenye nguzo na matao, rangi ya bluu iliyobanduka ikaacha nyingine ya bluu chini yake. Mama Nasrin mwenyewe alizaliwa Mwanza mjini, akaletwa pale akiwa bibi harusi, na aliongea Kisukuma kutushinda mimi na wadogo zangu. Alileta maji na iodini ya goti.

"Shikamoo, Mama. Mmetoka wapi na vidonda hivi?"

"Marahaba. Tumetoka kutafuta kwangu," alisema Bibi. "Nilikaa huko juu kabla hatujashushwa."

"Mlikuwa mnashuka kuja dukani?"

"Kuuza pamba. Na kununua chumvi."

"Mlinunulia hapa barazani?"

Bibi alifikiri. "Hapana. Palikuwa na dirisha. Nilikuwa nasimama kwenye nyasi."

Mama Nasrin aliweka chini chupa ya iodini. "Baba mkwe alitoboa dirisha nyuma," alisema polepole. "Aliniambia watu wa mlimani walikuwa wanashukia huko na mizigo kichwani, akaona aibu kuwazungusha mpaka mbele. Njooni."

Tulipita dukani, tukapita stoo yenye magunia ya sukari. Kwenye ukuta wa nyuma aliondoa maboksi ya sabuni, moja baada ya jingine, na nyuma yake kulikuwa na mbao mbili zilizofungwa kwa komeo lililoota kutu. Shangazi aligonga komeo kwa mgongo wa panga. Mbao zilifunguka, upepo wa mlimani ukaingia na vumbi la miaka yote hiyo.

Bibi alipapasa kingo ya dirisha. Ilikuwa ya mbao nene, imelika mahali pawili kama mabakuli madogo. Aliegemeza viwiko vyake humo, kimoja kimoja, kutokea upande usio wake, ndani.

"Hapa nilinunua kitambaa cheupe," alisema. Mama Nasrin hakumuuliza cha nini. Alimshika bega tu.

Mimi nilijipenyeza chini ya mkono wa Bibi nikachungulia nje. "Bibi, kuna mstari."

"Wa nini?"

"Wa nyasi. Nyasi zake ni fupi na za kijani kuliko zingine. Unatoka hapa dirishani, unapanda, unaingia katikati ya mawe mawili yanayoegemeana."

"Yanayoegemeana kama walevi?"

"Ndiyo."

Bibi alitoa viwiko vyake dirishani. "Minza," alimwambia Shangazi, "kesho tukitoka misa."

Jumapili tulipanda kwa mstari ule. Bibi alitangulia. Shangazi alinyoosha mikono nyuma yake njia nzima kama mtu anayefuata mtoto anayejifunza kutembea, lakini miguu ya Bibi ilikuwa imeshakumbuka. Pale kwenye walevi wawili aligeuka ubavu kabla sijamwambia pamebana. Tulitokea kwenye uwanja mdogo uliozungukwa na minyaa, na mawe ya kihenge yalikuwepo, nikayataja kwa majivuno kwa jina lake.

Mlango sikuuona. Nyumba pia. Nilianza kusema hapana, kisha mguu wangu ukapanda kitu. Ardhi ilikuwa imeinuka kidogo, tuta la udongo lililofunikwa na nyasi. Nililifuata, likapinda. Nilizidi kulifuata, likazidi kupinda, na ndani yake nikahisi jingine. Nyumba ndani ya nyumba. Nilitembea juu ya ukuta wa nje wa Bibi nikizunguka, mpaka mahali ambapo tuta lilikatika na nyayo zangu zikashuka kwenye jiwe bapa, laini, baridi.

"Simama hapo hapo," alisema Bibi, ingawa hakuona niliposimama. Alikuwa amesikia mabadiliko ya hatua zangu. "Tazama mbele. Unaona nini?"

"Majabali mawili makubwa. Katikati yake ziwa. Kuna mtumbwi."

Bibi alikuja kwa magoti ile sehemu ya mwisho. Alikigusa kizingiti, akapeleka mkono kushoto, pale ambapo upenu ungekuwepo, akitoa nyasi kwa vidole. Kulikuwa na jiwe la kusagia, limegeuzwa uso wake chini. Aliweka kiganja juu yake akaongea Kisukuma cha chini sana, kile cha ndani, nisichokielewa. Shangazi alikuwa amesimama mbali, kanga mdomoni.

Nilisubiri kwa adabu. Alipomaliza nilimshika kidevu nikamgeuza kwenye mwanga.

"Bado yupo," nilisema.

"Nani?"

"Mtoto. Bado yuko kwenye jicho. Nilidhani akifika kwao atatoka."

Bibi alinitaka nieleze, nikaeleza yote, hadi habari ya Kulwa na Doto. Alicheka, na katika kucheka akaanza kulia, na Shangazi vivyo hivyo, wakashikana pale chini. Halafu Bibi akanikalisha kwenye kizingiti akaniambia kwa lugha nyepesi kwamba ile ya macho ni ugonjwa tu, ukungu unaoota kwa uzee, watu wakaupa jina la mtoto. Na kwamba mtoto wa kweli alikuwa wa kiume, alilia vizuri alipozaliwa, akaishi muda mfupi mno. Alizikwa mlangoni ili akilia asikike nyumbani. Mwaka uliofuata wakashushwa bondeni, naye akiwa na mimba ya Baba, na siku ile ya kuhama hakuruhusiwa hata kugeuka nyuma.

Jumatatu aliingia chumba cha upasuaji akiwa mtulivu kuliko sisi wote. Walipomfungua bandeji aliniona mimi kwanza. "Kumbe wewe ni mrefu hivi," alisema, kama aliyeonewa.

Muda ukapita, daktari akaridhika na macho yote mawili, na Baba akaja kutuchukua. Bibi alimsimamisha uani, akamtazama kwa kitambo, akimzunguka. "Umekuwa baba yako," alisema. "Hata masikio." Kisha akamwambia avae viatu vya kupandia.

Njiani hakumweleza kitu. Kule juu, Baba alifanya kama mafundi wote wanavyofanya: alizunguka lile tuta, akalipima kwa hatua, akakisia urefu wa paa, akasifu kwamba mlango uliwekwa mahali ambapo upepo wa ziwa usingepuliza moto. Bibi alikuwa anatazama pande zote kwa macho yake mapya. "Padogo hivi," alisema. "Na tulijaa humu." Halafu akamwita Baba mlangoni, akamwonesha lile jiwe, na akamwambia.

Baba alisimama pale na mikono yake mikubwa ikining'inia. Maisha yake yote alikuwa akiitwa kifungua mimba. Kwenye vikao vya ukoo yeye ndiye aliyeanza kuulizwa, msiba ukitokea yeye ndiye aliyepigiwa simu kabla ya wote, na sijawahi kumwona akimwamkia mtu wa kizazi chake, maana kwao hakukuwa na mkubwa wake.

Alivua kofia. Alichuchumaa kando ya jiwe, akainamisha kichwa kama nilivyofundishwa mimi kuinamisha mbele yake.

"Shikamoo, kaka," alisema.

Upepo ulipita kwenye minyaa. Bibi alingoja kidogo, kama anayempa mtu nafasi ya kusema mwenyewe, kisha akamjibia mwanawe wa kwanza.

"Marahaba."